Sala ya Mume na Mke: Tujifunze Nyumbani kwa Tobiti



Katika mafundisho ya ndoa ninayosaidia kutoa kigangoni kwetu, kuna swali moja ambalo hurudi kila mara. Mara nyingi haliulizwi darasani. Huulizwa baada ya somo kwisha, watu wakiwa wamesimama nje kando ya ukuta wa kanisa. Mama mmoja au mzee mmoja hunivuta kando na kusema: "Katekista, sisi nyumbani tunasali. Rozari tunasali. Lakini maneno hayaishi. Kwa nini?"

Zamani nilikuwa na jibu la haraka: ongezeni imani. Siku hizi sijibu upesi hivyo, kwa sababu swali hilo lilinipata mimi mwenyewe, na aliyenijibu hakuwa padre wala kitabu. Alikuwa mke wangu. Nitawaeleza jambo hilo kwanza, ndipo tufungue Biblia.

Sala yenye kidole

Sisi ni wakulima. Tuna ng'ombe wawili wa gredi, na maziwa yao tunapeleka kwa chama cha ushirika ambacho hulipa mwisho wa mwezi. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukamua ni mke wangu. Mimi huenda zangu kufundisha wakatekumeni na kutembelea wagonjwa, na siku nyingine hufanya vibarua vya useremala. Basi binamu yangu mmoja alitaka mkopo pale ushirika, naye alihitaji mdhamini. Nikatia sahihi. Sikumwambia mke wangu. Nilijiambia ni jambo dogo, tena la wanaume, na kwamba binamu atalipa.

Hakulipa. Mwezi wa tano malipo ya maziwa yakaanza kukatwa. Mke wangu alipouliza mbona pesa zimepungua, nilimwambia bei imeshuka. Bei ya maziwa hushuka, hilo mnalijua, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na sura ya ukweli. Mwezi wa sita akaenda mwenyewe ofisini, na karani akamfungulia daftari.

Jioni ile hakupiga kelele. Alipakua chakula tukala. Ulipofika wakati wa sala mimi ndimi niliyeongoza kama kawaida, watoto wakiwa wamepiga magoti. Nikamwombea Baba Mtakatifu, nikamwombea paroko wetu, nikawaombea wagonjwa. Halafu, kwa sauti ya upole sana, nikamwomba Mungu awape akina mama wa nyumba hii moyo wa subira, awafundishe kusamehe, na awaondolee manung'uniko kama yale ya Waisraeli jangwani. Akina mama wa nyumba ile walikuwa mmoja tu. Watoto wakajibu "Amina." Yeye hakujibu.

Watoto walipokwisha kulala akaniuliza: "Baba watoto, pale ulikuwa ukiongea na Mungu, ama ulikuwa ukiongea na mimi?"

Nilikosa la kusema. Nimekuwa katekista kwa miaka kumi na mitano, nimefundisha watu sala kwa mamia, na usiku ule sikuwa na neno hata moja.

Msomaji, labda unaufahamu mfano wa Bwana wetu katika Luka 18, aya ya 9 hadi 14. Watu wawili walipanda hekaluni kusali. Farisayo hakusema uongo katika sala yake. Alifunga kweli mara mbili kwa wiki, na zaka alitoa kweli. Kosa lake ni kwamba, akiwa amesimama mbele ya Mungu, alimtaja jirani yake aliyesimama kule nyuma. Mtoza ushuru alijitaja yeye mwenyewe tu, na huyo ndiye aliyerudi nyumbani akiwa amekubaliwa. Nimeufundisha mfano huo mara nyingi, na kila mara nilidhani Farisayo ni watu wa parokia nyingine.

Kwetu sisi wanaume, sala ya namna hii hutoka katika kuongoza. Kwa kuwa ndiye kichwa cha nyumba, mume huona saa ya sala ni saa yake ya kuhubiri bila kujibiwa. Akina mama nao wana yao. Kuna mama anayesali jikoni kwa sauti kubwa akiosha vyombo, ili mzee aliye sebuleni asikie jinsi pepo wa ulevi anavyofukuzwa. Mungu si kiziwi. Aliyekusudiwa kusikia ni mzee, naye akisikia huchukua koti lake akarudi kule kule alikotoka.

Sisemi usimwombee mumeo anayekunywa. Mwombee, tena kwa jina lake, ukiwa peke yako na Mungu. Lakini la kumwambia yeye, mwambie yeye, mchana, akiwa na akili zake. Watoto nao wanasikiliza. Wakizoea kuona sala inatumika kama kiboko, watakapokuwa wakubwa wataikimbia kama wanavyokimbia kiboko.

Mbuzi wa Ana

Sasa tufungue Kitabu cha Tobiti. Ndugu zetu wa makanisa mengine wengi hawana kitabu hiki katika Biblia zao, lakini sisi Wakatoliki tunacho, na nasikitika kwamba hukisikia zaidi siku za harusi, kisha basi. Katika Biblia nyingine kimewekwa baada ya Nehemia, katika nyingine kimo pamoja na vitabu vingine vya deuterokanoni. Kitafute. Ni kifupi, sura 14 tu, na ni kitabu cha nyumba mbili zenye shida.

Tobiti alikuwa mtu wa kabila la Naftali aliyechukuliwa uhamishoni Ninawi. Alikuwa mtu mwema sana. Aliwalisha wenye njaa, aliwavika walio uchi, na Wayahudi wenzake walipouawa na kutupwa nje ya ukuta aliwazika, ingawa jambo hilo lilimtia hatarini. Kisha akapofuka. Alikuwa amelala kando ya ukuta wa ua, na mavi ya ndege yakamwangukia machoni. Waganga walijaribu dawa zao, na macho yakazidi kuharibika. Akakaa kipofu miaka 4.

Mwenye kuilisha nyumba sasa akawa mkewe, Ana, ambaye alifanya kazi ya kufuma kwa malipo. Siku moja wenye kazi walimlipa ujira wake wote, tena wakamwongezea mwana-mbuzi kama zawadi. Ana akarudi nyumbani na mbuzi. Tobiti hakumwona, akamsikia akilia. Akauliza mbuzi huyu ametoka wapi, asije akawa wa wizi. Ana akamwambia ni zawadi. Tobiti hakusadiki. Akamwamuru amrudishe kwa wenyewe, akaona haya kwa ajili ya mkewe. Hapo Ana akamjibu kwa uchungu: ziko wapi basi sadaka zako, yako wapi matendo yako mema? Sasa kila mtu anaona wewe ni mtu wa namna gani. Mnaweza kuyasoma wenyewe katika sura ya 2, aya ya 11 hadi 14.

Fikirini hali ya mama huyu. Ameinama kwenye kazi mchana kutwa, vidole vinamwuma. Kwa mara moja tu katika miaka hiyo migumu mtu amemtazama akamwongezea kitu. Anakuja nyumbani na furaha yake, na anaitwa mwizi na yule yule anayemlisha. Fikirini pia hali ya Tobiti. Mwanamume aliyekuwa akigawa, sasa anapokea. Haoni. Kinachoingia nyumbani hakijui, kinachotoka hakijui. Aibu ikikaa muda mrefu ndani ya mtu hugeuka kuwa shaka, na shaka humwangukia aliye karibu. Mimi sikuwa kipofu, lakini niliposoma habari hii baada ya yale ya ushirika, niliona kwamba mama mwenye kazi alikuwa yule yule na mzee mwenye sifa njema kanisani alikuwa yule yule. Tena Tobiti ana nafuu kunishinda. Yeye alikosea kwa kutojua; mimi nilijua.

Kisha sura ya 3 inaanza: Tobiti alihuzunika, akalia machozi, akasali. Hakungoja hasira ipoe. Watu wengi huniambia hawawezi kusali wakiwa wamekasirika, eti watakuwa wanafiki. Soma sala ile uone. Ni ya mtu aliyechoka kabisa. Anakiri dhambi zake na za baba zake, anasema masuto aliyosikia yamemwelemea, na mwishoni anaomba afe. Hakupamba maneno. Wakati huo huo, mbali huko Ekbatana katika nchi ya Media, msichana aitwaye Sara alikuwa naye anaomba afe, kwa sababu wanaume 7 walikuwa wamemwoa na kila mmoja pepo Asmodeo alimwua usiku wa harusi, na mtumishi wa nyumbani akawa anamtukana kwa hilo. Sara alikuwa amepanda chumbani juu ili ajinyonge. Akamkumbuka baba yake, aibu na huzuni itakayompeleka kaburini, akaacha. Akasimama dirishani akasali.

Biblia inasema sala zote mbili zilisikiwa kwa wakati mmoja. Lakini Mungu hakumpa hata mmoja wao kile alichoomba. Waliomba kifo, na alichowapa ni malaika Rafaeli, na safari ndefu, na ndoa. Nawaambia jambo hili wale ambao wamewahi kusali kwa maneno ya kukata tamaa, kisha wakaogopa kwamba wamemkosea Mungu. Sala ilipokelewa, lakini ombi la kufa lilikataliwa. Na kama mawazo ya Sara ya chumbani juu yanakujia wewe au mwenzako, usinyamaze nayo. Mwambie mtu leo, nenda kliniki au hospitali, mwone padre wako. Rafaeli huja kwa miguu ya watu.

Jambo jingine ambalo hupitwa haraka. Sura ya 4 inaanza kwa kusema kwamba siku ile ile Tobiti alikumbuka fedha alizoziweka kwa Gabaeli huko Rage, katika Media. Ni talanta 10 za fedha, na zilikuwa zimekaa miaka 20. Akamwita mwanawe Tobia akamwambia yote, na baadaye akamweleza habari ya hati waliyoigawana na Gabaeli, kila mmoja akabaki na kipande chake. Mnaona? Amelia, amesali, kisha akakumbuka karatasi.

Mimi karatasi yangu ya udhamini nilikuwa nimeificha ndani ya kitabu cha mafundisho ya Kipaimara, mahali nilipojua mke wangu hatafungua. Asubuhi ya pili baada ya swali lake niliitoa nikaiweka mezani karibu na kikombe chake cha chai. Deni lililobaki lilikuwa shilingi 38,000, na tulikuwa tukikatwa 2,000 kila mwezi. Tulifanya hesabu pamoja nyuma ya kalenda. Jumapili tukaenda sote wawili kwa binamu, tukiwa na mzee mmoja wa ukoo. Binamu alikubali kutuletea 1,000 kila mwezi. Miezi mingine alileta, miezi mingine alijificha. Tulimaliza mwaka uliofuata, mnamo Desemba. Sikuona muujiza wowote, ila kwamba mke wangu alianza tena kujibu "Amina."

Nimetafuta sana katika kitabu kile kama Tobiti alimwomba Ana msamaha kwa ajili ya mbuzi. Sikupata. Napata kwamba mwana wao alipofunga safari Ana alilia na kumlaumu mumewe, na Tobiti akamtuliza akimwita dada yangu. Tobia alipochelewa kurudi, Tobiti alijaribu kumtuliza tena, na safari hiyo Ana akamwambia amwache. Nyumba ile ilikuwa na maneno tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, na Mungu hakuipita. Lakini kuhusu mbuzi, mimi ningependa kupata ile aya. Wewe usiwaachie watoto wako kazi ya kuitafuta.

Wawili wakasema Amina

Tobiti alisali peke yake. Sara alisali peke yake. Ana hatuambiwi kama alisali. Sala ya wawili pamoja inakuja katika sura ya 8, nayo ni ya vijana.

Tobia amemwoa Sara. Mlango umefungwa. Kila mtu katika nyumba ile anajua yaliyowapata wale wanaume 7. Kwanza Tobia anafanya alivyoelekezwa na Rafaeli, anaweka moyo na ini la samaki juu ya makaa ya ubani. Halafu anaondoka kitandani na kumwambia Sara asimame, wasali. Hakusema atamwombea. Alimwambia wasali wote wawili.

Sala yenyewe ni fupi. Inamsifu Mungu, inamkumbusha jinsi alivyomwumba Adamu akampa Eva awe msaada wake, inasema kwamba Tobia hamtwai dada huyu kwa tamaa bali kwa moyo mnyofu, na inaomba mambo mawili tu: huruma, na kuzeeka pamoja. Pepo hakutajwa hata kidogo! Wale wanaume 7 hawakutajwa. Historia ya Sara, ambayo watu wa mji mzima waliizungumza, haikuingizwa chumbani. Kijana mwingine angesali, "Bwana, mwondolee mke wangu mkosi." Wote wawili wakasema Amina, wakalala.

Huku nje, Ragueli, baba yake Sara, alikuwa ameamka na watumishi wake wanachimba kaburi, ili mkwe akifa wamzike usiku majirani wasijue. Msicheke sana. Kila ndoa ina watu wa jamaa ambao tayari wameshika jembe. Mtumishi alipotumwa na taa kuangalia, aliwakuta wamelala usingizi. Ragueli akaamuru kaburi lifukiwe kabla hakujapambazuka.

Wanaongoja mtoto

Nimepokea maswali mengi ya wanandoa ambao hawajapata mtoto, na kila mmoja ameambiwa habari za Hana. Basi tumsome vizuri, 1 Samueli sura ya 1. Hana analia, hali chakula, Penina mke mwenza anamchokoza. Mumewe Elkana anampenda kweli, lakini anamwuliza kama yeye hamfai kuliko wana kumi. Elkana alitaka kufariji, ila alijigeuza yeye kuwa jibu. Hana hakumjibu. Alikwenda hekaluni Shilo, akamimina moyo wake mpaka kuhani Eli akadhani amelewa.

Tazameni aya ya 18. Hana akaenda zake, akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Wakati huo hakuwa na mimba. Hakuwa na kitu chochote mkononi. Alikuwa amesema lote bila kubakiza. Na katika Mwanzo 25 tunamkuta Isaka, ambaye alimwomba Bwana kwa ajili ya Rebeka. Alimwoa akiwa na miaka 40, na mapacha wakazaliwa akiwa na miaka 60. Hiyo ni miaka 20, na mwenye kuomba ni mume. Hatusomi kwamba alimwacha mkewe aende kwa nabii huyu na yule peke yake, wala kwamba alitafuta mke mwingine.

Kwa hiyo baba, kama mnangoja mtoto, sala ni yako pia, na safari ya hospitali ni yako pia. Daktari huwapima wote wawili, kwa sababu tatizo laweza kuwa kwa mke, au kwa mume, au kwa wote. Nimewaona akina mama waliopimwa miaka mingi huku bwana akikataa hata kwenda mara moja. Isaka asingefanya hivyo. Wala sikuahidi kwamba kila anayesali kama Hana atapata Samueli. Mtume Paulo alimsihi Bwana mara 3 kuhusu mwiba wake, na mwiba ukabaki, kama anavyosema mwenyewe katika 2 Wakorintho 12. Ndoa isiyo na mtoto ni ndoa kamili mbele ya Kanisa, na yeyote anayekuambia vinginevyo, hata akiwa mama mkwe, mweleze kwa heshima kwamba katekista amesema hivyo.

Sala isipowekwa mahali pake

Mtume Paulo, 1 Wakorintho 7:5, anasema mume na mke wasinyimane, isipokuwa kwa mapatano, kwa muda, ili wapate kusali, kisha warudiane. Maneno ni mawili: mapatano, na muda. Mama anayekwenda kwenye kesha kila Ijumaa bila kupatana na mumewe, kwa sababu nyumbani hapakaliki, angoje kidogo ajiulize anamkimbilia Mungu au anamkimbia mumewe. Na mzee ambaye hukaa kwenye mikutano ya kanisa hadi saa nne usiku ajiulize vivyo hivyo. Nimekuwa mzee huyo.

Mtume Petro naye, 1 Petro 3:7, anawaambia waume waishi na wake zao kwa akili na heshima, kusudi sala zao zisizuiliwe. Mimi naisoma hivi: mume anayempiga mkewe mchana hana haja ya kushangaa usiku kwamba mbingu zimefungwa.

Na wewe mama unayepigwa, usiambiwe na mtu kwamba dawa ni kuongeza novena. Sala haikukatazi kuokoa maisha yako na ya watoto. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi kutengana na yule anayemhatarisha vibaya mwili au roho, yeye au watoto. Hapa Kenya tuna pia sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya kukulinda. Nenda polisi, nenda hospitali, mwambie paroko. Ukifika mahali salama, ndipo tusali pamoja.

Mtakavyoanza

Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, namba 59, alifundisha kwamba jambo la kuombea katika sala ya familia ni maisha yenyewe ya familia: furaha na huzuni, kuzaliwa, safari na kurudi, maamuzi makubwa, kufiwa. Kwa maneno ya kwetu: karo, ng'ombe aliyekataa kula, barua kutoka shuleni. Papa Fransisko aliongeza katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, namba 318, kwamba dakika chache kila siku zinatosha kukaa pamoja mbele za Mungu na kumweleza wasiwasi wetu.

Sisi nyumbani tunafanya hivi. Sala ya familia pamoja na watoto ipo kama zamani, ila sasa tunaongoza kwa zamu, hata kitinda mimba. Watoto wakilala, simu tunaziacha mezani sebuleni (yangu ndiyo iliyokuwa na taabu kuachwa), na sisi wawili tunakaa kitandani. Kila mmoja anasema jambo moja la siku ile kwa kinywa chake, jambo lake mwenyewe. Hakuna kumtaja mwenzako kwa kosa. Mwingine anasema Amina, hata kama hajaelewa lote. Kisha tunanyamaza kidogo, tunasali Baba Yetu, tunalala. Kuna usiku ambao sina la kusema ila "nimechoka." Hata hilo ni sala.

Mkipungukiwa, igeni mama yetu Maria kule Kana, Yohane sura ya 2. Alimwambia Mwanawe upungufu uliokuwapo, kwamba divai hawana. Hakuuliza nani alikosea hesabu, wala hakumlaumu bwana arusi. Hakumfundisha Yesu la kufanya. Kisha akawageukia watumishi.

Na kwa wale ambao maneno huwaponyoka, kuna Nehemia. Mfalme alipomwuliza anataka nini, alimwomba Mungu wa mbinguni, ndipo akajibu (Nehemia 2:4 na 5). Sala ile ilikaa katikati ya swali na jibu, mfalme akiwa bado anamtazama. Siku mkeo akikuuliza pesa ziko wapi, una nafasi ya ukubwa huo huo. Mimi siku ile ya bei ya maziwa ningeitumia.

Usiku wa leo, watoto wakisha kulala, someni Tobiti kuanzia sura ya 2, aya ya 11, hadi mwisho wa sura ya 3. Bwana asome maneno ya Ana, na mama asome ya Tobiti. Halafu mwulizane: kwetu sisi, yule mbuzi ni nini?